Ruzuku ya mbolea: meseji inaenda kwa mzee

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Trans Nzoia hapa Kenya, nalima mahindi shamba la mume wangu, yeye yuko Nairobi kazini. Tulisajiliwa kwa chifu kwa namba yake, sasa meseji ya kuchukua mbolea ya ruzuku inaenda kwake na nikifika stoo naambiwa jina si langu. Halafu jirani anasema serikali inatuma pesa kwa simu, ni kweli?

JIBU: Marahaba dada yangu. Pesa hakuna, jirani amekosea. Serikali inalipia sehemu ya bei, wewe unalipa iliyobaki, tangu 2023 ni shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50 na kabla ya hapo ilikuwa 3,500, kwa hiyo mtu akikuomba "ada ya kutumiwa pesa" huyo ni mwizi, kata simu. Hilo la jina linaniuma kusema kweli, maana akina mama ndio wanapalilia na kuvuna ila kwa rejista unakuta jina la mzee tu. Rudi kwa chifu na kitambulisho chako mwenyewe, omba usajiliwe kama mkulima na useme ekari unazolima wewe, si zote za boma, coz idadi ya magunia inafuata ekari. Namba iwe ya laini uliyosajili kwa jina lako. Na mkipewa gunia angalia mshono kabla hujalibeba, kama halijafunguliwa na kushonwa tena, ile mbolea feki ya 2024 iliumiza wengi sana.