Modeh Ani: shukrani kabla hujatoka kitandani

Msomaji ameuliza anunue kitabu gani cha sala ili aianze siku kwa shukrani kama Wayahudi wanavyofanya. Kitabu kinaweza kusubiri. Ibada hii inaanzia kitandani, macho yakiwa bado mazito, na sehemu yake ya kwanza ni maneno 12 tu ya Kiebrania.

Hayo ndiyo Modeh Ani, na mwanamke husema Modah Ani. Maana yake: "Nashukuru mbele zako, Mfalme uliye hai na wa milele, kwa kunirudishia nafsi yangu kwa huruma, uaminifu wako ni mkuu." Yanapatikana katika kitabu cha rabi Moshe ben Makhir wa Safed, wa karne ya 16. Jina la Mungu halimo ndani yake, ndiyo maana yanaruhusiwa kusemwa kabla ya kunawa mikono. Ukifika kwenye neno bechemla ("kwa huruma"), tua kidogo, kisha umalizie raba emunatekha ("uaminifu wako ni mkuu"), maneno yaliyochotwa katika Maombolezo 3:23. Wengi huharibu hapa hapa: wanashika simu kwanza, na shukrani inakuta moyo umeshajaa madeni na habari za watu. Simu ilale chumba kingine.

Sasa kunawa. Tangu usiku weka beseni na kopo la maji kando ya kitanda. Kopo la vishikio viwili ni bora. Nusu lita inatosha na kubaki. Lishike kwa mkono wa kulia, lihamishie wa kushoto, mwagia wa kulia hadi kwenye kifundo. Badilisha, mwagia wa kushoto. Endelea hivyo kwa zamu mpaka kila mkono upate mara tatu. Kosa la kawaida ni kumwaga mara tatu mfululizo mkono mmoja kisha kuhamia mwingine. Huo ni utaratibu wa kunawa kabla ya kula mkate. Maji ya beseni yamwagwe, yasitumike kwa kazi nyingine.

Kama umebanwa na haja, baraka ya kunawa isubiri. Nenda msalani, nawa tena, ndipo useme Al Netilat Yadayim ya kunawa, na baada yake Asher Yatzar.

Hii ya pili naomba usiikimbize. Inamhimidi Mungu aliyemuumba mtu kwa hekima, akaweka ndani yake matundu na mirija, na inakiri kwamba tundu moja tu likipasuka au likiziba, mtu hawezi kusimama mbele zake. Mwulize mgonjwa wa figo, au ndugu yake anayengoja nje ya chumba cha kusafishia damu, kwenda haja ndogo bila maumivu kuna thamani gani. Isome umesimama, polepole, na si huku ukielekea jikoni kutafuta chai.

Hufuata Elohai Neshama, "Mungu wangu, roho uliyonipa ni safi", kisha baraka fupi za asubuhi, ingawa mpangilio hutofautiana kati ya jumuiya. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, sehemu ya Berakhot 60b, kila baraka ilifungwa na tendo: ukiketi, "anayewafungua waliofungwa", ukivaa, "anayewavika walio uchi", ukikanyaga chini, "anayetandaza nchi juu ya maji", ukivaa viatu, "aliyenipatia mahitaji yangu yote". Leo husomwa kwa mkupuo, na zikisomwa hivyo ulimi hutangulia moyo. Tua baada ya kila moja, likumbuke tendo lake.

Kuhusu muda, Shema ya asubuhi, ungamo la Wayahudi kwamba Mungu ni mmoja, husomwa kabla saa ya tatu ya mchana haijaisha. Mswahili ataelewa upesi, kwa kuwa marabi nao huhesabu saa tangu asubuhi. Tofauti ni kwamba saa yao ni mchana uliogawanywa kwa 12, hivyo hurefuka na kufupika. Kwa Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, mchana haubadiliki sana, kwa hiyo saa hiyo hukaribia dakika 60 mwaka mzima. London mwezi Desemba ni kama dakika 40, na saa tatu hizo huisha saa mbili tu baada ya jua kuchomoza. Unaposafiri, angalia macheo na machweo ya mji unaolala, gawanya muda ulio kati yake kwa 12, kisha ndipo utege kengele.