Kisanduku kidogo hupandisha majibu
Umeuliza kwa nini mchanga uleule wenye kokoto umeonekana imara zaidi kwenye kisanduku cha kukatia (kifaa cha kupimia nguvu ya udongo kwa kuukata kwa mlalo) chenye upana wa mm 60 kuliko kile cha mm 300. Mara nyingi huwa hivyo, wala mashine haina kosa. Punje ya mm 12 ndani ya mm 60 inachukua sehemu moja ya tano ya upana: punje zinabanana na kuta, zinakosa pa kuviringikia, na ukanda wa mkatiko (tabaka jembamba ambamo udongo unateleza) haupati nafasi ya kukua. Pembe ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi punje zinavyopinga kuteleza, inapanda. Kwa kawaida upana usipungue mara 10 ya punje kubwa kuliko zote, na kina mara 6. Ukichekecha kokoto ukazitupa ili sampuli itoshe (wengi hufanya hivyo kimyakimya), umepima udongo mwingine. Liandike hilo kwenye ripoti.