Usaili wa Kusomea Udaktari Uingereza: Maswali Yenu na Majibu

Maombi ya kusomea udaktari Uingereza hufungwa tarehe 15 Oktoba, na mialiko ya usaili hutolewa katika majuma na miezi inayofuata. Ndiyo maana barua za msimu huu karibu zote zinauliza jambo moja. Nimechagua tano.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ameitwa kwenye usaili, lakini barua inasema atapita katika vituo vinane. Sisi tulizoea kukaa mbele ya jopo. Vituo hivyo ni nini? (Mama wa mwombaji, Leicester)

Marahaba, mama. Utaratibu huo ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa unatumiwa na vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza, ingawa Oxford na Cambridge wameendelea na mtindo wao wa kumketisha mwombaji na walimu wakachambua pamoja tatizo la kisayansi. Binti atasimama nje ya mlango na kusoma kadi yenye maelezo ya kituo kwa dakika moja au mbili. Kengele ikilia ataingia na kuzungumza na msaili kwa dakika tano hadi nane hivi. Ikilia tena atahamia mlango unaofuata. Katika kituo kimoja anaweza kukuta mwigizaji anayejifanya jirani mwenye hasira, na katika kingine hesabu ya kipimo cha dawa. Baadhi ya vyuo husaili kwa mtandao kwa mpango huohuo.

Waliobuni utaratibu huu waliona kwamba jopo moja linaweza kumpenda au kumkataa mtu ndani ya dakika za mwanzo, kisha alama zote zikafuata hisia hiyo. Hapa kila msaili hutoa alama zake mwenyewe, kwa hiyo mwambie binti yako asiingie kituo cha nne akiwa bado anajutia cha tatu, kwa kuwa aliyemo ndani hana habari ya yaliyotokea huko.

Nikiulizwa kwa nini nataka kuwa daktari, najikuta nasema kwamba napenda sayansi na kuwasaidia watu. Ni kweli, lakini naambiwa haitoshi. (Mwombaji, Reading)

Haitoshi kwa sababu muuguzi na mfamasia wangeweza kusema maneno hayohayo. Msaili anataka kujua umeona nini katika kazi hii na ulichokiona kilikufanya ufikiri nini.

Kijana mmoja niliyefanya naye mazoezi alikuwa akifanya kazi Jumamosi katika nyumba ya kutunzia wazee, na jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba huko alijifunza umuhimu wa mawasiliano. Nikamwuliza: mawasiliano na nani, na siku hiyo kulitokea nini? Hapo ndipo ikajitokeza habari ya mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye kila asubuhi chai yake ilirudi jikoni haijaguswa, na daftari likaandikwa kwamba amekataa. Kijana aliona kwamba kikombe kilikuwa cheupe, juu ya meza nyeupe, akamwomba muuguzi wa zamu ruhusa ya kujaribu kikombe chekundu, na mzee akanywa. Habari hiyo, pamoja na swali alilobaki nalo kuhusu mambo mangapi mengine huandikwa kuwa ni kukataa, ilikuwa na uzito kuliko insha nzima ya wito wa udaktari aliyoikariri.

Liko jambo jingine linalowaponza hasa vijana wetu. Wamelelewa wasijisifu, kwa hiyo husema “tulifanya” hata pale walipofanya peke yao, na msaili hawezi kumpa alama mtu ambaye haijulikani yeye mwenyewe alifanya nini. Kueleza kwamba wewe ulifanya hiki na muuguzi akafanya kile ni kutoa taarifa sahihi, wala si majivuno.

Katika mazoezi nimepewa kisa cha msichana wa miaka 15 anayeomba vidonge vya kuzuia mimba na hataki mama yake ajue. Imani yangu hainiruhusu. Je, niifiche? (Mwombaji, Birmingham)

Usiifiche, wala usiihubiri. Anza na sheria: tangu uamuzi wa kesi ya Gillick mwaka 1985, kijana wa chini ya miaka 16 nchini Uingereza anaweza kuridhia matibabu mwenyewe ikiwa ana uelewa wa kutosha wa jambo linalohusika. Kwa hiyo daktari hupima uelewa huo, humshawishi azungumze na mzazi bila kumlazimisha, na hutunza siri yake. Usiri huo hata hivyo una mipaka, na hapa ndipo waombaji wengi hunyamaza: mwenzi wake ana umri gani, na je, analazimishwa? Ikiwa kuna dalili za kudhulumiwa, daktari anawajibika kuchukua hatua za kumlinda.

Kuhusu imani, Baraza Kuu la Tiba la Uingereza linamruhusu daktari kujitoa katika huduma fulani kwa sababu ya dhamiri, mradi amweleze mgonjwa kwamba ana haki ya kumwona daktari mwingine, ahakikishe ana taarifa za kumwezesha kufanya hivyo, na asimhukumu. Ukieleza hayo kwa utulivu, umejibu vizuri kuliko anayejifanya hana msimamo wowote.

Kijana wangu yuko kidato cha sita, tahasusi ya PCB. Ajiandae na usaili wa aina hii kwa vyuo vya nyumbani? (Mzazi, Dar es Salaam)

Hapana. Nafasi za shahada ya kwanza ya udaktari Tanzania hushindaniwa kwa matokeo ya mitihani kwa vigezo vya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama ambavyo Kenya huzigawa kwa alama kupitia KUCCPS, chombo chake cha kuwapangia wanafunzi vyuo. Nguvu zake aziweke kwenye fizikia, kemia na baiolojia.

Tulipie kozi ya maandalizi? (Baba, London)

Kabla ya kulipa, mwanao asome miongozo ambayo Baraza Kuu la Tiba na vyuo vyenyewe huitoa bure, kisha shangazi au mjomba asiyejua tiba amwulize maswali huku saa ikihesabu dakika saba, na kikao kirekodiwe kwa simu. Mimi ningetumia fedha hizo kwa nauli ya kwenda kuona chuo chenyewe.