Mahindi yamekauka? Maswali yenu kuhusu vipima unyevu

Nasikia kuna mashine inayopima mahindi kwa mawimbi ya maikrowevu. Si itayapika? (Mfanyabiashara, Soko la Kilombero, Arusha)

Hapana, kaka. Oveni ya jikoni hutumia mamia ya wati. Kipima hutumia sehemu ndogo sana ya wati moja. Wimbi hutoka antena hii, linapita kwenye nafaka, linapokelewa na antena ya pili. Linachokitafuta ni maji. Kwa namba wanayotumia wataalamu kuonyesha jinsi kitu kinavyoitikia umeme, maji hukaribia 80, nafaka kavu kabisa 2 au 3 hivi. Pengo ni kubwa mno maji kujificha.

Kipima cha dalali kilisoma unyevu wa asilimia 16. Nikakitikisa kikombe chake chenye mahindi, kikasoma 17. Nani mwongo? (Mkulima, Himo)

Hakuna mwongo, mzee wangu. Ulipotikisa, punje zilisongamana, zikaingia nyingi mahali palepale, na kipima cha kikombe kikadhani maji yameongezeka. Hapa ndipo maikrowevu inaponivutia. Yenyewe hupima mambo mawili kwa mpigo: wimbi limepungua nguvu kiasi gani, na limechelewa kiasi gani. Ukishindilia nafaka, vyote viwili hupanda pamoja. Ukivilinganisha, athari ya kushindilia karibu inafutika, unabaki na unyevu. Stuart Nelson, Andrzej Kraszewski na Samir Trabelsi waliifanyia kazi njia hii miaka mingi katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, mjini Athens, Georgia. Joto la nafaka, hata hivyo, lazima lihesabiwe. Mahindi yaliyotoka juani sasa hivi yatakudanganya, kwa kipima chochote kisichohesabu joto.

Shikamoo. Nina magunia sita tu, mashine sina. Nifanyeje? (Mama wa Usa River)

Marahaba. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda usishangilie bado: kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, isizidi. Anika tena kwenye turubai.

Na kahawa ikiwa bado na ganda lake, inapimika? (Kibosho)

Inawezekana. Watafiti wa maabara ile ya Marekani walipima karanga zikiwa ndani ya maganda wakajua unyevu wa punje. Ila kila zao lina hesabu yake. Kipima kilichowekewa hesabu ya mahindi usikipe kahawa.

Mnunuzi anakata kilo tano kwa kila gunia la kilo 100, eti yatanyauka. Ananiibia? (Mkulima, Boma Ng'ombe)

Inategemea yanasoma ngapi. Yakiwa na asilimia 18, yakikauka hadi 13.5 yatabaki kilo 94.8, kwa hiyo hajakuonea. Yakiwa na 15, yatapungua kilo 1.7 tu. Mwambie apime mbele yako, na achote juu, katikati na chini ya gunia.