Mjukuu mzima wa afya, achomwe kisigino cha nini?

SWALI: Daktari, mjukuu wangu ana wiki moja, ananyonya vizuri, hana homa. Mkunga anataka kumchoma kisigino ampime sikoseli. Kuna haja gani?
Bibi, Jinja

JIBU: Bibi, kubali apimwe. Kunyonya vizuri sasa hakuondoi sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao chembe za damu hujikunja. Mtoto huzaliwa na himoglobini (kitu kinachobeba oksijeni ndani ya damu) ya tumboni, iitwayo F, inayozuia chembe za damu zisijikunje. Ikishapungua, kati ya miezi 4 na 6, ndipo vidole huvimba na damu kupungua. Utafiti uliofanywa Uganda mwaka 2014 na 2015 ulikuta watoto 13 hivi katika kila 100 wamebeba kinasaba cha sikoseli, na Busoga kwenu ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi.

Mguu upashwe joto kwanza. Achomwe ubavuni mwa kisigino, si katikati wala nyuma, mfupa uko karibu. Tone la kwanza lipanguswe. La pili liguse kadi ya kupimia na kujaza duara lote kwa mara moja. Kukamua mguu au kuongezea tone juu ya jingine huharibu sampuli. Kadi ilazwe ikauke kwa muda wa saa 4 hivi, mbali na jua. Kama mtoto aliwahi kuongezewa damu, semeni mapema, maana damu ya mtu mwingine huficha majibu. Kile kipimo cha haraka cha kutazama chembe zikijikunja hakifai umri huu, F hukidanganya.

Majibu huja kwa herufi: A ni himoglobini ya kawaida, S ni ya sikoseli. FA ni salama. FAS amebeba tu, haumwi. FS ni ugonjwa: arudiwe kupimwa, na kuanzia miezi 2 apewe penisilini ya kunywa, miligramu 125 asubuhi na jioni (dozi huongezwa akifika miaka 3), alale kwenye neti, na homa yoyote apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Inasikitisha kwamba majibu mengine hubaki kituoni bila mtu kuyafuata. Acheni namba ya simu, na myadai siku ya chanjo ya wiki 6.

SWALI: Mwanangu wa siku 3 ana macho ya manjano. Nimwanike juani?
Mama, Mbale

JIBU: Jua halitoshi, na linaweza kumuunguza. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, na leo apelekwe akapimwe bilirubini, yaani kiasi cha manjano kwenye damu. Viganja au nyayo zikiwa za manjano, au akilegea na kukataa titi, usingoje kupambazuke.