Risasi ya 70 kwenye bunduki ya 65: jibu kwa msasi wa Kusini Unguja

SWALI

Assalaam aleykum fundi. Mimi ni msasi wa Kusini Unguja. Babu yangu, Mungu amrehemu, ameacha bunduki ya mitutu miwili ya kulala pamoja, na leseni yake polisi wameshaihamishia jina langu. Juu haina jina la kiwanda. Chini ya mitutu nimeona duara mfano wa yai lenye herufi ELG na taji juu yake, kisha simba mdogo na herufi PV, halafu namba 12 na 65. Nimepata risasi za namba 12 lakini boksi limeandikwa 70 mm. Zinaingia bila taabu na bunduki inafunga. Mwenzangu anasema ikifunga basi ndiyo yake. Kuna na mtu mwengine ananiuzia Baikal IZh-43 iliyotumika, anadai hii ya babu niiache iwe pambo. Nifanyeje?

JIBU

Waaleykum salaam ndugu yangu. Risasi hizo usizipige kwenye bunduki hiyo. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiishia hapa kusoma, uwe nalo.

Mwenzako hakukusudia ubaya, lakini kufunga hakuthibitishi kitu. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni urefu wa ganda likishapigwa, mdomo wake umefunguka wote. Risasi mpya mdomo wake umekunjwa ndani mfano wa nyota, kwa hivyo risasi ya 70 ikiwa bado nzima huwa na milimita kama 60 tu, fupi kuliko chemba yako ya 65, yaani lile tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi inakaa. Lazima iingie, na lazima bunduki ifunge. Shida inazuka unapovuta triga. Mbele ya chemba, tundu la mtutu linapungua kwa mteremko mfupi, kutoka upana wa ganda mpaka upana wa mtutu wenyewe, ambao kwa namba 12 ni kama milimita 18.5. Ganda la 70 likifunguka, milimita tano za mwisho zinakunjukia juu ya mteremko huo, na marisau, yaani zile chembe za madini zinazoruka, pamoja na kizibo chake vinatakiwa vipite kwenye mlango ambao plastiki ya ganda imeshaubana. Presha inapanda, na inapanda pale pale ambapo bunduki ya zamani haina chuma cha ziada.

Pengine haitopasuka siku ya kwanza. Ndiyo maana utakutana na watu waliopiga boksi zima na wakakuapia kwamba hapana kitu. Kinachotokea mara nyingi ni kuchoka: ndoano ya mitutu, kile chuma cha chini kinachoishikilia mitutu, inalika kwenye bawaba, mitutu inaanza kucheza, mti wa kitako unapata nyufa nyuma ya chuma, na bega lako linakula kishindo kisicho na faida yoyote kwa ndege. Siku chuma kikishindwa kabisa, mkono wa kushoto ndio ulioshika mitutu, na uso wako uko nyuma ya chemba.

Kuna jambo la pili kwenye boksi ambalo watu hawalisomi. Kwa viwango vya Ulaya vya siku hizi, risasi ya kawaida ya namba 12 ina kikomo cha wastani wa presha cha baa 740 (baa ni kipimo cha presha), na ile ya nguvu kubwa inafika 1050. Zote mbili zinaweza kuandikwa 70 mm na kuwekwa rafu moja. Hiyo ya 1050 haifai kukaribia bunduki yako hata chemba ingekuwa ndefu. Tafuta risasi za 65 mm za kawaida zenye marisau ya gramu 28, au 30 kwa kikomo. Zipo pia za 67, na hizo zinakubalika ikiwa mtengenezaji ameandika wazi kwamba zinafaa kwa chemba za 65. Kama hakuandika, zirejeshe. Za marisau ya chuma ziache kabisa; chuma hakinyumbuki kama madini ya risasi, na mtutu mwembamba wa zamani wenye mdomo uliobanwa hauwezi kuvumilia.

Utakutana na mtu atakayekwambia chemba itobolewe iongezwe urefu mpaka 70. Mimi sikubali kazi hiyo kwa bunduki ya aina yako. Unapoongeza chemba unakata chuma sehemu yenye presha kubwa kuliko zote, na alama zilizopigwa chini ya mitutu zinakuwa hazina maana tena, kwa sababu bunduki iliyopimwa siyo iliyobaki. Inatakiwa ipimwe upya kwenye nyumba ya majaribio, yaani ofisi inayopima bunduki kwa presha kubwa na kuipiga alama, kama ile ya Liège au Birmingham, na gharama ya kuifikisha huko itaipita thamani yake.

Sasa tuje kwenye alama hizo, maana ndizo zilizonifurahisha katika barua yako. Wauzaji husoma jina lililochorwa juu ya mitutu. Mimi naanza na chini. ELG ndani ya yai ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, na taji juu yake liliongezwa mwaka 1893, kwa hivyo bunduki ya babu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Simba na PV maana yake imepimwa kwa baruti isiyotoa moshi, yaani baruti iliyomo ndani ya karibu risasi zote unazonunua leo. Hilo ni jambo kubwa. Bunduki nyingi za Liège zina ELG peke yake bila PV, na hizo zilipimwa kwa baruti nyeusi. Mtu akikuletea moja, usiitie risasi ya kisasa hata kama ni ya 65. Na 65 ni urefu wa chemba, kama ulivyokwisha kufahamu.

Kukosa jina la kiwanda kusikutie unyonge. Liège ilikuwa na mafundi wengi waliotengeneza bunduki kwa ajili ya wafanyabiashara wa nje, na kila mfanyabiashara akichora jina lake au asichore kabisa. Zimesambaa dunia nzima. Miongoni mwao zimo hafifu, na zimo ambazo fundi aliyekaa chini kuzitengeneza aliiheshimu kazi yake, na jina halikwambii ipi ni ipi. Hali ya mitutu ndiyo inayosema.

Zaidi ya hayo, bunduki hizi za bei ya mtu wa kawaida zina chanzo chake. Mwaka 1875 mafundi wawili wa Westley Richards ya Birmingham, Anson na Deeley, walisajili mtambo ambao nyundo zake zimo ndani ya bodi, kile chuma cha kati kati ya mitutu na kitako, na kitendo cha kukunja mitutu ndicho kinachozitega. Vipande vilikuwa vichache, kazi ya mkono ikapungua, bei ikashuka. Waingereza, Wabelgiji, Wahispania wa Eibar na wengine wengi walijengea juu ya fikra hiyo. Ikiwa bunduki yako haina nyundo za nje na pande zake ni bapa bila sahani kubwa zilizoingizwa kwenye mti, basi kuna uwezekano mkubwa ni ya ukoo huo, na ni mtambo imara ambao fundi anayejua anaweza kuufungua na kuusafisha bila hofu.

Kabla hata ya kununua risasi za 65, ifanyie uchunguzi. Hakikisha haina kitu ndani, ivunje, yaani ikunje ifunguke, utoe mitutu, kisha iangalie kwenye mwanga wa dirisha, si taa. Ukitazama ndani ya mtutu utaona pete za kivuli. Zikiwa duara kamili na zimekaa sawa, mtutu uko sawa. Pete ikienda upande kuna mbonyeo, na ikitokea pete nene ya kiza iliyozunguka mtutu mzima, huo umevimba: umewahi kupigwa ukiwa na kitu ndani. Mbonyeo fundi anaweza kuunyanyua. Uvimbe ni habari nyengine, na hapo ndipo bunduki inakuwa pambo kweli.

Vidoti vya kutu ndani havinitishi sana vikiwa karibu na mdomo. Vikiwa kwenye chemba au shubiri moja mbele yake, vinanitisha. Na kuna kinachonitia wasiwasi zaidi ya vidoti: mtutu unaong'aa ndani mithili ya kioo wakati nje na kitako vimechakaa. Mtu ameusugua kuondoa kutu, na chuma kilichoondoka hakirudi. Mwambie fundi apime unene wa ukuta wa mtutu kwa kifaa chake, si kwa jicho. Mafundi wa Uingereza wengi hawataki kushuka chini ya milimita 0.5 sehemu nyembamba, na mimi nafuata hivyo hivyo.

Halafu itundike mitutu kwa uzi kwenye ndoano yake na uigonge kwa ukucha wa kidole. Ikilia sauti ndefu safi, ubavu unaoiunganisha umeshika. Ikitoa sauti ya debe lililopasuka, sehemu imeachia, na kwenye hewa yetu ya chumvi unyevu umeshaingia ndani ambako hukuoni. Mwisho iunganishe bila kipande cha mti cha mbele, ifunge, shika kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwengine, uitikise. Isicheze hata kidogo. Kucheza kunatengenezeka, lakini si kwa kubandika bati kwenye ndoano kama nilivyoona mara nyingi; hiyo inakaa wiki chache tu kisha inarudi.

Ungekuwa umeniandikia kwamba mitutu ina michoro ya mawimbi mawimbi juu ya chuma, ningekujibu kwa ukali zaidi. Hiyo ni mitutu iliyosukwa kwa mikanda ya chuma iliyochomelewa pamoja. Ni kazi nzuri ya sanaa, lakini kutu inaweza kupenya kwenye maungio bila ya kuonekana juu. Kwa visiwa hivi mimi siishauri ipigwe.

Kuhusu Baikal: anayekuuzia hana makosa kuisifu. IZh-43 inatoka Izhevsk, Urusi, ni nzito, haina urembo, na mitutu yake imepakwa kromu ndani, jambo ambalo kwa mtu anayeishi karibu na bahari lina thamani kuliko michongo yote ya Ubelgiji. Nyingi zina chemba ya 70, nyengine 76, kwa hivyo risasi ulizozipata zinaweza kuwa zinaifaa. Soma mtutu wake na usome boksi, usichukue neno la muuzaji. Ifanyie uchunguzi ule ule. Kromu haizuii mbonyeo wala haizuii bawaba kulika. Na uuzaji upitie polisi mwanzo hadi mwisho, kwa sababu leseni uliyonayo ni ya bunduki ile, si ya hii.

Kwa kazi yako ya tetere na njiwa, marisau ya milimita 2.4 mpaka 2.6 yanatosha. Kwa kanga wa maweni panda mpaka 2.8. Nimetaja milimita makusudi: marisau ya namba 6 ya Muingereza si sawa na ya namba 6 ya Mmarekani, na boksi zinazofika kwetu zinatoka kila pembe. Triga ya mbele kwa kawaida inapiga mtutu wa kulia, ambao mdomo wake uko wazi zaidi, kwa ndege wa karibu. Ya nyuma ni ya kushoto, kwa aliyekwisha kwenda mbali. Kibali cha kuwinda ni cha Idara ya Misitu na leseni ya silaha ni ya Polisi, na kimoja hakisimami badala ya chengine.

Mambo matatu ya khatari siwezi kuyaacha. La kwanza, risasi ya namba 20 isikae mfuko mmoja na ya namba 12. Ya 20 ikitumbukia kwenye mtutu wa 12 inateleza na kukwama mbele ya chemba. Unadhani hukutia kitu, unaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka. Ndiyo sababu ganda la 20 kwa desturi hutiwa rangi ya manjano. La pili ni nyigu. Bunduki ikikaa miezi pembeni, nyigu anajenga udongo ndani ya mtutu. Chungulia kila unapoitoa, hata kama uliisafisha jana. La tatu, lile loki la usalama kwenye bunduki nyingi za aina hii linazuia triga tu, halishiki nyundo. Ukiruka jiwe au ukipita kichakani, ivunje na utoe risasi.

Ukirudi nyumbani usiiache kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi inanyonya unyevu na kuurejesha kwenye chuma, na msimu wa masika unatosha kuiharibu. Ifute kwa mafuta ya bunduki au ya cherehani, kidogo tu. Mafuta ya nazi yanachacha, yaweke jikoni. Ukiwa na kabati la kufungia lililoidhinishwa, isimamishe mdomo chini, mafuta yasiteremke kwenye mti wa kitako. Mti uliolowa mafuta miaka mingi unalainika nyuma ya bodi, na hapo ndipo kitako kinapovunjika.

Hukumu yangu basi: hizo risasi za 70 usizitumie kwenye bunduki ya babu. Bunduki ya babu ipeleke kwa fundi aipime kuta na chemba. Ikifaulu, na ukapata risasi za 65 za uhakika, ni bunduki ya kuwindia na si pambo, na kwa wepesi wake mkononi utaipenda kuliko Baikal kila unapotembea maweni kutwa. Risasi za 65 zikikosekana kabisa, nunua hiyo IZh-43 baada ya kuitikisa na kuichungulia, na ya babu iendelee kukaa kwenye leseni ikiwa imepakwa mafuta mpaka zipatikane. Ukiweza, nitumie picha ya alama zote za chini ya mitutu pamoja na ubavu wa boksi la risasi. Kwa bunduki ya Liège mara nyingi kuna alama ndogo ndogo ambazo mtu hazioni mpaka asafishe kwa mswaki na mafuta ya taa.