Maswali yenu wiki hii: Mrudishieni mtoto simu yake

*Binti yangu yupo Kidato cha Pili. Wenziwe wamechukua picha yake ya Sikukuu niliyoiweka stetasi, wakaifanya stika ya kumcheka grupu zima la darasa. Nimemnyang'anya simu. Nimefanya vyema? Mama, Wete*

Hukufanya vyema, mama. Stika ile haimo kwenye simu yake, imo kwenye za wenziwe. Ulichomfundisha ni kwamba akionewa akaja kusema, anayetiwa adabu ni yeye. Mara ya pili hatokwambia. Mrudishie leo. Kabla hajafuta kitu, pigeni skrinshoti zinazoonesha namba na saa, ndipo atoke kwenye grupu, nawe uende nazo kwa mwalimu mkuu. Usianzie kwa mama wa yule mtoto, mtakuja kununiana hadi misibani. Na wakikwambia ni utani wa watoto, waambie Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika na huku Visiwani, na kifungu cha 23, cha kumwonea mtu mtandaoni, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili.

*Programu gani nzuri ya kupeleleza simu ya mtoto bila yeye kujua?*

Swali hili naletewa kila wiki, na kila wiki jibu ni moja: achana nayo. Atajua, kisha ataazima simu ya binamu yake. Baada ya Isha kaa naye, akuoneshe anachocheza na anaocheza nao.

*Ana miaka 9. Nimfungulie TikTok?*

La. Ni miaka 13. Na anayedanganya mwaka wa kuzaliwa mara nyingi si mtoto, ni shangazi mtu.

*Watu asiowajua wanamtia kwenye magrupu ya WhatsApp.*

Ingia mipangilio, faragha, kisha magrupu. Chagua aweze kuingizwa na namba alizohifadhi tu.

*Kijana wangu wa miaka 12 alipewa almasi (pesa za mchezo) za Free Fire, ule mchezo wa simu, na mtu wa mchezoni. Sasa mtu huyo anataka picha za mwili wake, la sivyo "atamsema". Mume wangu anasema tunyamaze, aibu. Jang'ombe*

Hili si la kunyamaza hata siku moja. Asitume, asilipe, asimjibu, na mazungumzo yasifutwe. Pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ikiwa ipo picha iliyokwisha kutumwa, usiwarushie ndugu "waone". Kusambaza picha ya utupu ya mtoto ni kosa hata kwa mzazi. Mwambie mumeo muhali ndio unaowalinda watu hawa. Huyo wa almasi anaweza kuwa mtu mzima wa mtaani kwenu, anayemwamkia kila Ijumaa.

*Naweka video za mjukuu wangu akilia, watu wanazipenda sana. Kuna ubaya?*

Soma tena barua ya Mama wa Wete, uone picha ilitoka wapi. Zifute.